IFAKARA: RUBANI ANAULIZA MAWINGU, WAKUBWA WANAULIZA POSHO

NDUGU msomaji, wewe kijana uliyesimama mbele ya meza ya muuza magazeti pale Manzese, Msamvu au Mwanjelwa, unasoma vichwa vya habari bila kununua (hatukulaumu, hali ya mfuko wako tunaijua), leo nina ombi dogo. Azima gazeti hili kwa mwenzako, kaa kijiweni, tuzungumze habari ya mawingu.

Najua utacheka. Utasema: “Huyu naye kaishiwa. Sukari imepanda, ajira hakuna, kodi ya chumba inadaiwa, yeye anatuletea mawingu!” Cheka kwanza. Ukimaliza, nijibu swali moja tu.

Ndege ndogo imeondoka Dar es Salaam kwenda kuchukua mgonjwa mahututi Bonde la Kilombero. Ndani yupo rubani na muuguzi. Mbele yao kuna Milima ya Udzungwa, na milima imejifunika blanketi la wingu. Chini, kwenye uwanja mdogo anakotaka kutua, je, kunanyesha au kumekauka? Upepo unatoka wapi? Njia ya kutulia ni ngumu au imegeuka jaruba la mpunga?

NANI ANAMJIBU?

Usinitajie jina la mamlaka. Mamlaka zipo na herufi zake kubwa kubwa: Mamlaka ya Hali ya Hewa, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nakuuliza habari ya MTU. Nani yuko pale chini, saa ile, akiwa na kipimo mkononi?

NILIYOYAONA KWA MACHO YANGU

Bonde hili lina viwanja vidogo vingi. Vipo vya serikali, vya misheni, vya mashamba makubwa na vya hifadhi. Kimoja kati ya hivyo, ambacho sitakitaja, ndicho nilichosimama pembeni yake masika moja, viatu vimejaa tope, pamoja na ndugu wa mama mmoja mjamzito. Uzazi ulikuwa umemgeukia. Madaktari walishafanya yote ya uwezo wao, wakasema apelekwe Dar es Salaam, na apelekwe kwa ndege, kwa sababu barabara kwa hali yake ilikuwa ni hukumu.

Asubuhi ile, sikiliza vizuri, kulikuwa KWEUPE. Kuanzia jua lilipochomoza hadi kama saa tatu hivi, milima ilionekana mpaka miti yake. Ndege ingetua na kuondoka bila wasiwasi. Lakini Dar es Salaam rubani alikuwa amekaa na utabiri wa mkoa mzima unaosema Morogoro kuna mvua. Mkoa mzima! Morogoro hii inayoanzia Gairo kwenye vumbi mpaka Malinyi kwenye madimbwi! Alisubiri, na angefanya nini? Saa nne akapata simu ya mtu aliyemwambia kumetulia. Akaruka.

Alipofika juu yetu, mlango ulikuwa umeshafungwa. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye vichwa vya minazi. Tuliisikia ndege, hatukuiona. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye ndugu wa mgonjwa walikuwa wamempa namba ya yule muuguzi, alipanda juu ya kiti cha pikipiki yake, simu sikioni, akawa anapiga kelele:

“Shikamoo Kapteni! Kapteni, mlima siuoni kabisa. Lakini mwembe wa mwisho wa uwanja nauona! Nauona nusu!”

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo ilikuwa ofisi ya hali ya hewa: pikipiki moja, simu yenye ufa kwenye kioo, na mwembe. Kile kitambaa cha kuonyesha upepo kilikuwa kimechanika siku nyingi, kimebaki utepe kama tambara la kudekia.

Ndege ilizunguka mara tatu. Rubani ana mafuta ya kuhesabu, ana milima pande mbili, na ana familia yake. Akageuza kurudi Dar es Salaam. Alifanya sawasawa, rubani anayelazimisha kutua gizani ni mwuaji hata kama nia yake njema. Kesho yake alirudi, mbingu imetakata. Lakini yule mama hakuisubiri kesho.

Baadaye nilikwenda kwenye ofisi moja kuuliza. Bwana mkubwa akanitazama juu ya miwani yake, akasema: “Hiyo ilikuwa kazi ya Mungu, mvua haizuiwi.”

La hasha! Mungu asisingiziwe. Mvua haikuwa na kosa lolote. Ilinyesha pale inaponyesha kila masika tangu kabla ya Mjerumani. Mungu alitoa saa mbili na zaidi za jua asubuhi ile. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kumwambia rubani: “Njoo sasa.”

BONDE LENYE UJANJA WAKE

Wapo watakaosema mvua ni mvua, Ifakara na Dar es Salaam tofauti iko wapi. Hao hawajafika.

Bonde la Kilombero limelala kati ya kuta mbili. Kaskazini-magharibi kuna Udzungwa, ambayo kilele chake cha Luhombero kinapita mita 2,500. Upande wa pili kuna nyanda za juu za Mahenge. Ifakara yenyewe iko chini kabisa, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Yaani ukitoka kwenye mpunga wa Mlabani na kutazama mlima, unatazama ukuta wa zaidi ya kilomita mbili kwenda juu.

Sasa fikiria hewa yenye unyevu inayotoka Bahari ya Hindi. Inafika kwenye ukuta huo, haina pa kwenda, inapanda. Ikipanda inapoa, ikipoa inakuwa wingu, wingu linakuwa mvua. Ndiyo maana bonde linapata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka wa kawaida, na nyingi inamwagika kati ya Desemba na Mei. Alfajiri, hewa baridi inateremka kutoka milimani na kulala juu ya mto na mashamba. Hapo ukungu unazaliwa. Mchana jua likiwaka, mambo yanageuka: hewa inapanda milimani, mawingu ya radi yanajengeka, na jioni yanashuka kama deni la duka. Kati ya ukungu wa alfajiri na radi ya alasiri kuna kidirisha. Leo kitafunguka saa mbili, kesho saa nne, keshokutwa hakifunguki kabisa. Rubani anayekijua kidirisha hicho anaokoa roho. Asiyekijua anazunguka hewani.

Na si mawingu peke yake. Joto nalo ni adui asiyeonekana. Mchana wa nyuzi joto 33, hewa ya Ifakara inakuwa nyepesi kiasi kwamba mabawa na injini ya ndege vinafanya kazi kama vile uwanja uko mita 1,000 hivi juu ya bahari. Ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka, na inapanda kwa uvivu, huku mbele kuna mlima. Ongeza nyasi zilizolowa. Ongeza tope. Ongeza mgonjwa na vifaa vyake. Hapo ndipo hesabu za darasani zinapokuwa za kufa na kupona.

Kisha kuna kanieneo, yaani ule mgandamizo wa hewa. Kipimo cha mwinuko ndani ya ndege kinategemea rubani apewe kanieneo ya pale anapotua. Kosa la hektopaskali 5 tu linamdanganya kwa zaidi ya mita 40. Kwenye wingu, karibu na mlima, mita 40 ni tofauti kati ya kufika nyumbani na kutangazwa redioni. Sasa asipokuwepo mtu wa kumpa kanieneo ya Ifakara, atatumia ya wapi? Ya Iringa, kilomita zaidi ya 100 kwa mstari wa ndege, juu ya mlima upande wa pili? Ya Morogoro, mbali zaidi? Ni sawa na kumpima homa mgonjwa wa Ifakara kwa kumweka kipimo kwapani jirani yake wa Iringa!

Angalia orodha ya viwanja vinavyotoa taarifa za saa kwa saa kwa marubani wa dunia nzima. Utaikuta Dar es Salaam, utaikuta Kilimanjaro, utaikuta Mwanza, utaikuta Dodoma. Ifakara hutaikuta.

TUMESHAZIKA VYA KUTOSHA

Wakubwa wetu wana tabia moja. Hawaamini kuwa paa linavuja mpaka limwangukie mtu. Haya, limeshaanguka. Tuhesabu.

Oktoba 15, 2015, helikopta iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ndani ya Selous, upande huu wa Kilombero. Walikufa watu wanne, akiwamo aliyekuwa mbunge wa Ludewa, Deo Filikunjombe, na rubani Kapteni William Silaa. Nawakumbusha ajali hiyo ili mjue nchi hii ya bonde na pori ilivyo: hata mtu mwenye jina kubwa, anayetafutwa na taifa zima, mabaki yake yalifikiwa kesho yake. Je, asiye na jina?

Novemba 6, 2022, siku ya Jumapili asubuhi, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilikwenda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ikaangukia Ziwa Victoria, uwanja uko palepale mbele ya macho. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Ripoti ya awali ya wachunguzi haikuficha kwamba uokoaji wa kiserikali ulichelewa na ulikuwa dhaifu. Tulilia, tukazika, tukapigana picha na kijana mvuvi shujaa, tukarudi kulala usingizi wa pono.

Novemba 28, 2023, kwenye uwanja mdogo wa Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, mkoa wetu huu huu wa Morogoro, ndege mbili za abiria zilipata ajali SIKU MOJA. Moja ilianguka ikitua. Nyingine ikaharibika baadaye siku hiyo hiyo ikijaribu kuruka. Hakufa mtu. Mungu ni mwema, lakini Mungu si mpango wa serikali.

Ajali hizi hazina chanzo kimoja, na mimi si mchunguzi. Lakini zote zinasema neno moja: anga la nchi hii si Dar es Salaam na Kilimanjaro tu. Ndege zinaruka na kuanguka huko pembeni, na huko pembeni ndiko kusiko na macho.

PESA ZA RADA ZILIPATIKANAJE?

Hapa ndipo utaambiwa wimbo wa taifa wa pili: “Serikali haina fedha.”

Haina fedha? Hebu tukumbushane. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali hiyo hiyo ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya Kiingereza ya BAE kwa pauni milioni 28. MILIONI ISHIRINI NA NANE ZA PAUNI! Wataalamu wa kimataifa wa usafiri wa anga walisema ni ghali mno na haifai ipasavyo kwa ndege za kiraia. Hata ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe waziri mmoja, Clare Short, alipiga kelele. Wapi! Ikanunuliwa. Mwaka 2010 kampuni ikakiri mahakamani London kosa la kutotunza hesabu sahihi kuhusu biashara hiyo, na Watanzania wakarudishiwa pauni milioni 29.5. Ndiyo ile iliyoitwa chenji ya rada, ikaenda kwenye vitabu na madawati.

Kwa hiyo usidanganywe. Pesa za anga zilikuwapo. Zilikuwapo pale palipokuwa na mkataba mnono. Zikakosekana pale panapohitajika kitambaa cha upepo.

Tukaja miaka ya karibuni. Kuanzia 2016 serikali imenunua midege mikubwa kwa zamu, na Julai 2018 likatua Dreamliner, tukapiga vigelegele. Sipingi. Nchi kuwa na ndege zake ni heshima. Rada za hali ya hewa nazo zimefungwa Dar es Salaam, Mwanza, Mtwara, Kigoma na Mbeya. Hilo ni jambo jema na ninawapongeza. Mpinzani asiyejua kusema asante ni mgomvi tu.

Lakini rada inaona kwa mwali ulionyooka, na dunia ni duara. Kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara ni kama kilomita 300 kwa mstari wa ndege. Mwali wa rada ukifika huko umeshapanda zaidi ya kilomita 5 juu ya ardhi. Utaona kichwa cha wingu la radi. Ukungu uliolala juu ya mpunga wa Mlabani hauuoni ng’o. Kwa hiyo rada ya Dar es Salaam si jibu la Ifakara. Jibu la Ifakara liko Ifakara.

Na jibu lenyewe ni la bei gani? Mtambo wa kawaida unaojipimia upepo, joto, unyevu, mvua na kanieneo na kutuma taarifa kwa simu hauzidi bei ya shangingi moja. SHANGINGI MOJA, ndugu zangu! Hesabu yanayopita mbele yako siku ya ziara ya mheshimiwa. Kila moja linalokurushia vumbi ni kituo cha hali ya hewa kimepita.

MAJIBU YA WATETEZI

Nawajua watetezi. Watakuja na hoja tatu; nazijibu moja moja.

Ya kwanza: “Siku hizi kuna daraja na lami, ndege ya nini?” Kweli, daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018, na lami ya kutoka Kidatu imefika Ifakara. Nani atapinga? Waliovuka kwa kivuko wanakumbuka kilivyozama Januari 2016. Lakini lami haimfikishi mgonjwa Dar es Salaam kwa saa moja na nusu. Na bonde si Ifakara mjini tu. Kuna Mlimba, kuna Malinyi, kuna vijiji ambavyo mto ukifura na Lumemo ukatoka kitandani mwake, njia ni maji matupu. Mwaka 2024 mafuriko yalituonyesha hilo tena. Siku barabara inapokatika ndiyo siku ndege inapotakiwa, na ndiyo siku hali ya hewa ni mbaya. Mkumbuke hilo: mwavuli haununuliwi kwa ajili ya kiangazi.

Ya pili: “Marubani wana simu, wanaangalia mitandaoni.” Hii ndiyo danganya toto ya karne. Chukua simu yako sasa hivi, andika Mlabani. Itakuletea upepo, joto, mawingu, saa kwa saa, utadhani kuna mzungu amekaa juu ya mwembe anapima. Hakuna! Hayo ni makisio ya kompyuta iliyoko ng’ambo, inayoigawa dunia vipande vya kilomita kadhaa, vingine kilomita 25 kwa 25. Ndani ya kipande kama hicho unaweza kukuta mlima na bonde vimechanganywa vikawa wastani mmoja. Mlima wa mita 2,000 na jaruba la mita 250, wastani wake ni mahali pasipokuwapo! Makisio si dhambi, yanasaidia kupanga safari. Lakini makisio yasiyosahihishwa na kipimo cha chini ni kuotea, na namba zenye nukta zisikutishe. Uongo ukiandikwa kwa desimali haugeuki kweli.

Ya tatu: “Uwanja mdogo hauna abiria, hauingizi mapato.” Hapo ndipo roho inaponiuma. Mapato! Mwambie anayesema hivyo atazame mezani kwake. Wali anaokula, mpunga wake umetoka wapi? Sukari ya chai yake, miwa ililimwa wapi? Taa inayomwakia inatoka Kidatu na Kihansi, maji ya bonde hili na milima hii. Bwawa la Julius Nyerere lenyewe linategemea Kilombero kwa sehemu kubwa ya maji ya Rufiji. Dunia inajua mambo mengi ya mbu na malaria kwa sababu ya utafiti uliofanyika Ifakara. Bonde limeingiza. Bonde limelipa. Sasa linaomba chenji yake.

KWA NINI WEWE, KIJANA WA MJINI?

Utauliza: mimi niko Tandika, ya Ifakara yananihusu nini?

Yanakuhusu kwa sababu mama yako hayuko Tandika. Wengi wetu tumekuja mjini na begi moja, tumewaacha wazazi, shangazi na wadogo zetu huko mabondeni. Siku simu inalia usiku kuwa hali ya mama imebadilika, wewe huna gari, huna cheo, huna mjomba wizarani. Unachotegemea ni mfumo. Na mfumo wenyewe ni mwembe na kijana wa bodaboda.

Yule kijana sikumdharau. Nilimvulia kofia. Alifanya bure kazi ambayo mtu analipwa mshahara na posho kwa kutoifanya. Yule ana macho, ana akili, anaujua mlima wake: akitazama wingu la Udzungwa saa moja asubuhi anakwambia saa sita itakuwaje. Mfundishe miezi michache, mpe kipimo, redio na mshahara halali, utakuwa umepata mpima hali ya hewa bora kuliko mtaalamu anayesaini semina Dodoma. Vijana wenye macho kama yake wako tele na hawana ajira. Kazi ipo na haina watu. Kinachokosekana katikati ni serikali.

Ukitaka kujua kuwa si ndoto, kumbuka mwaka 1957. Madaktari watatu wa upasuaji walianzisha huduma ya madaktari warukao Afrika Mashariki, kwa ndege ndogo na redio za upepo zilizowekwa kwenye zahanati za porini. Mtu wa zahanati alikuwa anasema kwenye redio kilichoko mbele yake. Karibu miaka 70 iliyopita! Leo tuna setilaiti juu ya vichwa vyetu, halafu tunarudi nyuma ya redio ya upepo.

TUNACHODAI

Tusiishie kulalamika, kulalamika ni chakula cha wakubwa, wanakishiba na kulala. Madai ni matano.

Moja: mtambo wa kujipimia hali ya hewa kwenye uwanja wa Ifakara, na taarifa zake ziwekwe wazi kwa kila rubani na kila mkulima, bure.

Mbili: kamera mbili tatu zinazotazama Udzungwa, Mahenge na njia ya kurukia, ili rubani aliyeko Dar es Salaam auone mlima kabla hajawasha injini. Alaska huko Marekani, nchi ya milima na ndege ndogo, wamefanya hivyo miaka mingi. Kwao theluji, kwetu ukungu. Mlima ni mlima.

Tatu: watu wawili wenyeji, waliofunzwa na kulipwa, wenye simu ya kazi inayopokelewa alfajiri hadi machweo. Si “kaimu”, si “yuko semina”.

Nne: kitambaa kizima cha kuonyesha upepo, mifereji ya maji na nyasi zilizokatwa, kwenye KILA uwanja mdogo wa bonde hili, na mwenye kiwanja atangaze kila wiki kama kinafaa kutua au hakifai.

Tano: kila ndege ya mgonjwa inaposhindwa kutua, iandikwe. Saa ngapi iliitwa, saa ngapi ilifika, nini kiliizuia. Maana sasa hivi ndege ikianguka kuna tume. Ndege ikigeuza na mgonjwa akafa, hakuna hata karatasi. Yule mama hayumo kwenye takwimu za ajali. Hayumo popote. Ndiyo maana nimemwandika hapa.

Na wewe una kazi yako. Ukienda nyumbani likizo, pita uwanjani. Tazama mlingoti: kitambaa kipo au hakipo? Piga picha. Nenda kwa diwani, shikamoo yako mkononi, muulize fungu la uwanja kwenye bajeti ni shilingi ngapi. Akikwambia si kazi ya halmashauri, muulize mbunge. Akikwambia si kazi ya mbunge, muulize ni ya nani, na aandike jina. Wataanza kusukumiana kama watoto waliovunja chungu. Waache wasukumiane hadharani. Aliyekishika chungu mwishowe ataonekana.

Siku wakija tena na mashangingi yao, na fulana, na kofia, na wimbo wa maendeleo, usiwatupie jiwe. Watupie swali:

“Mheshimiwa, leo saa moja asubuhi, Mlabani kulikuwa na ukungu au kulikuwa kweupe?”

Akijua, mpigie makofi. Asipojua, mwambie kuna mama mmoja alikufa kwa sababu ya jibu hilo.

Wasalaam.